Mhariri, yale madoa mekundu si moshi

Mhariri,

Salamu kutoka Gulu. Nimesoma ile habari yenu ya hewa chafu ya mwezi huu wa kwanza, habari yenyewe sio mbaya, ila pale katikati mmeweka ramani ya Afrika nzima imejaa madoa mekundu alafu chini yake mkaandika eti huo ndio moshi uliofunika Uganda. Hapana jamani. Ile ramani naijua, inazunguka WhatsApp kila kiangazi kikifika, kila anayeiforwadi anaiongezea maneno yake, huyu anasema Afrika inaungua tumekwisha, yule anasema ni wafugaji wa Karamoja, mwingine anasema hapana ni Sudan Kusini wanatutumia moshi, na sasa gazeti nalo limejitosa humo humo.

Tena kuna kitu naona hata mtu wenu wa picha hakukiangalia. Kwenye ramani mliyochapa wekundu wote uko Angola, Zambia na kusini ya Kongo, na kule juu Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati kuko safi kabisa. Hiyo haiwezi kuwa ya Januari! Moto wa nyasi Afrika unafuata ukavu, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa unaungua kusini ya ikweta, alafu kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili unahamia kaskazini, mkanda mmoja mrefu kutoka Senegali mpaka Sudan Kusini na huku kwetu Acholi, West Nile na Karamoja. Inajirudia hivyo kila mwaka. Kwahiyo aliyewapa ile picha amewapa ya Julai au Agosti ya mwaka fulani, na nyinyi mkaitoa kama ya jana.

Mimi kazi yangu ni kupima viwanja na kuchora ramani, picha za setilaiti ndizo zinanilisha, kwahiyo naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nieleze hii kitu vizuri, manake moshi kweli upo, watoto wanakohoa kweli, na setilaiti kweli zinaweza kutuonyesha unatoka wapi na unaenda wapi, ila sio kwa ile ramani.

Lile doa kwanza. Ramani inatoka kwenye mfumo wa NASA unaoitwa FIRMS, ambao ulianzia Chuo Kikuu cha Maryland kule Marekani, na ni wa bure, mtu yeyote mwenye bando anaingia. Kinachoonekana pale sio moshi, ni joto. Setilaiti zinapita juu zinaangalia ardhi kwa mwanga wa infraredi ambao jicho letu haliuoni, na mahali penye joto kali kuliko pembeni yake kompyuta inaweka doa. Kifaa cha zamani kinaitwa MODIS, kimebebwa na setilaiti ya Terra iliyorushwa Desemba 1999 na Aqua ya Mei 2002, na doa lake linasimama kwa kipande cha kilomita moja kwa kilomita moja. Kifaa kipya zaidi ni VIIRS, kiko kwenye Suomi NPP ya 2011, NOAA-20 ya 2017 na NOAA-21 ya 2022, na doa lake ni mita 375. Moto hauhitaji kujaza hicho kipande chote ndio uonekane. MODIS kwa kawaida inashika moto wa kama mita za mraba 1000, yaani robo ya eka, kwa sababu mwali wa moto unang'aa sana kwenye infraredi.

Sasa shida inakuja kwenye skrini. Ukiangalia bara zima kwa simu, kila doa limechorwa kubwa kuliko lilivyo, ukilipima kwa kipimo cha ramani unakuta doa moja limemeza wilaya. Afrika lazima iwe nyekundu yote! Lakini zumu mpaka uone Kitgum peke yake utashangaa nafasi iliyo katikati ya doa na doa. Na mengine sio moto wa nyasi kabisa. Kule kusini magharibi ng'ambo ya Kisoro kuna madoa ambayo hata mvua ikinyesha yanarudi, hiyo ni Nyiragongo na Nyamulagira, volkano. Kule Sudan Kusini kuna mahali gesi ya visima vya mafuta inachomwa, nayo inatoa doa. Mtu asiyejua anahesabu yote anasema nchi imeteketea.

Mnakumbuka Agosti 2019, Amazon ilipokuwa inaungua na dunia nzima inapiga kelele? Watu wakatoa hesabu ya madoa ya MODIS ya siku mbili, Angola karibu 6,900, Kongo karibu 3,400, Brazil kama 2,100, wakauliza mbona Afrika hamuisemi, mpaka rais Macron wa Ufaransa akaigusa alipokuwa kwenye mkutano wa G7, zile nchi saba tajiri. Namba zenyewe zilikuwa sawa, walichokosea ni maana yake. Moto wa nyasi za savana unapita haraka, unakula majani makavu, mvua ikija majani yanarudi. Msitu mkubwa wa mvua ukikatwa ukachomwa haurudi mwaka ujao. Na moshi nao haufanani, nyasi kavu zinawaka kwa mwali na kwa kila kilo zinatoa moshi kidogo kuliko gogo bichi au udongo wa mboji unaofukuta chini kwa chini kama ule wa Indonesia wa 2015. Kwahiyo madoa kumi hapa na madoa kumi kule sio moshi sawa, hesabu ya madoa haikupi hesabu ya moshi.

Hapa niseme kidogo kuhusu jambo linaloniudhi kama mpima ardhi. Siku hizi watu wameanza kwenda kwa mwenyekiti wa LC One, yaani baraza la kijiji, na skrini shoti ya FIRMS, anaonyesha doa anasema ona, moto umeanzia kwa fulani, alipe. Jamani. Mita 375 kwa mita 375 ni karibu eka 35. Kwenye eka 35 huku kwetu kuna mashamba ya familia ngapi? Na doa limewekwa katikati ya kile kipande tu, haina maana moto ulikuwa pale pale katikati, na setilaiti ikiwa inaangalia kwa upande kipande chenyewe kinanenepa zaidi ya hapo. Ardhi huku tayari ina ugomvi wa kutosha, tusiuongezee kwa kidole cha setilaiti. Kama mtu anataka kujua shamba gani limeungua basi aangalie setilaiti ya Sentinel-2 ya Ulaya, ile pikseli yake, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ni mita 10 na inarudi kila baada ya siku tano hivi, pale utaona kovu jeusi la moto limeishia kwenye njia au kwenye mto, mpaka mstari. Hata hivyo kovu litakuonyesha kilichoungua, halitakuonyesha aliyewasha kiberiti.

Haya, moshi wenyewe sasa. Moshi unaonekana kwenye picha ya rangi ya kawaida, ile kama umepanda ndege juu sana ukachungulia chini. NASA wana tovuti nyingine inaitwa Worldview, nayo bure, unachagua siku, unachagua picha ya VIIRS au MODIS, alafu yale madoa ya moto unayaweka juu ya picha. Hapo ndio mambo yanaanza kueleweka. Wingu ni jeupe, lina kingo, mara nyingi unaona mpaka kivuli chake chini. Moshi ni wa kijivu kinachoelekea bluu au kahawia, hauna kingo, na kama ni mbichi unaanza mwembamba kwenye doa alafu unapanuka kuelekea upepo unakoenda. Huo mkia ndio dalili. Doa lenye mkia ni moto unaotoa moshi wa maana, doa lisilo na mkia laweza kuwa moto mdogo umeshakufa, au ile gesi ya mafuta. Vumbi nalo lina rangi ya manjano manjano, halina doa la moto kichwani.

Alafu unalinganisha saa. Kwa miaka mingi Terra imekuwa inapita karibu saa nne na nusu asubuhi na Aqua karibu saa saba na nusu mchana, sasa hivi zimezeeka na saa zao zimesogea, lakini bado ukiweka picha ya asubuhi na ya mchana unaona moshi umesukumwa upande gani. Picha ya jana ukaongeza na ya leo, na upepo ukaujua, basi unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ulikotoka. Wataalamu wana programu ya kurudisha hewa nyuma, ya NOAA, shirika la Marekani la hali ya hewa na bahari, inaitwa HYSPLIT, unaiambia niko Gulu saa hii, hii hewa ninayovuta ilikuwa wapi juzi, nayo inakuchorea njia. Msimu huu pepo zetu zinatoka kaskazini na kaskazini mashariki, kwahiyo moshi wa upande wa Sudan Kusini au wa kule mbuga ya Kidepo kutufikia sio ajabu. Ila wa Angola wa mwezi wa nane ni habari nyingine kabisa, ule mwingi unaelekea magharibi baharini, mpaka NASA walituma ndege kuufuata juu ya Atlantiki kati ya 2016 na 2018, mwaka wa kwanza wakitokea Namibia na miaka iliyofuata São Tomé. Sasa nyinyi mkauleta Kampala mwezi wa kwanza.

Kuna mambo yanatuhusu sisi wa ikweta ambayo watu wa Ulaya hata hawayafikirii. MODIS inaona upana wa kama kilomita 2,330 kila ikipita, na dunia ni pana zaidi hapa katikati, kwahiyo njia ya leo na njia inayofuata hazigusani, zinaacha pengo jeusi, na hilo pengo siku nyingine linaangukia Uganda yenyewe. Mtu akifungua picha akaona nusu ya nchi nyeusi anadhani simu imeharibika. VIIRS ina upana wa kama kilomita 3,060, hiyo haiachi pengo, ndio maana mimi naitumia hiyo. Jambo lingine, moshi mwepesi juu ya ardhi kavu yenye rangi ya mchanga hauonekani vizuri, lakini ukifika juu ya maji unatokea waziwazi kwa sababu maji ni meusi. Kwahiyo ukitaka kujua kama kuna moshi usiangalie Gulu, angalia Ziwa Albert na Kyoga, na kwa watu wa Kampala angalia Nyanza Victoria. Ila siku nyingine jua linarudishwa na maji, ziwa linang'aa kama bati, hapo usiseme moshi.

Na saa zenyewe zina tatizo. VIIRS inapita karibu saa saba na nusu mchana na karibu saa saba na nusu usiku, basi. Ni sawa na askari wa zamu anayepita getini mara mbili tu, kila siku saa zile zile. Mtu akichoma shamba saa kumi jioni moto ukafa saa mbili usiku, FIRMS haitaweka doa, na kesho yake moshi upo lakini ramani inasema hakukuwa na moto. Wawindaji na wafugaji wengi wanawasha jioni upepo ukitulia. Kwahiyo ramani isiyo na doa sio hati ya kusafisha mtu.

Kwa hilo kuna Meteosat za Ulaya. Hizi haziendi popote, zimekaa kilomita karibu 36,000 juu zinazunguka pamoja na dunia, moja iko juu ya Ghuba ya Guinea na nyingine imesogezwa upande wa Bahari ya Hindi, sisi wa Uganda tunaonekana na zote mbili. Zinapiga picha kila baada ya dakika 15, na ile ya kizazi kipya iliyorushwa Desemba 2022 kila baada ya dakika 10. Picha zake sio kali kama za VIIRS, lakini ukizipanga kama video unaona moshi unatembea. Na hii sio teknolojia ya kwenda kuomba. Kulikuwa na mradi unaitwa PUMA, miaka ya 2000 mwanzoni, uliowekea idara za hali ya hewa barani kote mitambo ya kupokea Meteosat, na baadae ikaja miradi mingine, AMESD na MESA, na kituo cha hali ya hewa cha IGAD, ile jumuiya ya nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, pale Nairobi, kinaitwa ICPAC, nacho kinafanya kazi hizi hizi. Picha zinaingia ndani ya bara kila siku ya Mungu. Kinachokosekana ni mtu wa kuziangalia kwa jicho la moshi na kumwambia mama wa Pader leo mtoto wako mwenye pumu asicheze nje.

Sitaki niwadanganye kwamba setilaiti inajua kila kitu. Picha imepigwa kutoka juu. Inakuonyesha moshi upo, haikuambii upo kwenye pua yako au uko kilomita tatu juu unajipitia zake. Kuna siku mbingu ni ya kijivu lakini hewa chini ni nzuri, na kuna asubuhi picha ni safi lakini bonde limejaa moshi wa majiko na takataka. Kulikuwa na setilaiti ya kupiga mwanga wa leza kwenda chini ili kupima moshi uko urefu gani, CALIPSO ya Marekani na Ufaransa, ilianza 2006 ikaisha 2023, na sasa kuna EarthCARE ya Ulaya na Japani tangu Mei 2024, ila hizo zinapima mstari mwembamba tu chini ya njia yao, siku ikipita Gulu ni bahati. Mawingu nayo yanafunika, kwahiyo wakati wa mvua picha nyingi ni pamba tupu. Kisha kuna setilaiti ya Sentinel-5P ya Oktoba 2017, kifaa chake TROPOMI kinapima gesi ya kaboni monoksidi, ile ile ya jiko la mkaa chumbani. Hiyo gesi inakaa hewani wiki nyingi, kwahiyo hata moshi ukishafifia machoni unaweza kuufuata kwa gesi yake.

Ndio maana lazima kuwe na vipimo vya chini pia. Na hapa Uganda hatuna sababu ya kulalamika, Chuo Kikuu cha Makerere wana mradi wa AirQo tangu 2015, wametengeneza vipima hewa vya bei nafuu wenyewe, wamevifunga Kampala na miji mingine, vingine hata vilifungwa juu ya boda boda zikawa zinapima zikiendelea na kazi, na sasa viko miji mingi ya Afrika. Vinapima PM2.5, chembe ndogo zinazoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango, linasema kwa siku isizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo, na kwa wastani wa mwaka isizidi 5. Namba za AirQo ziko wazi kwa kila mtu, na hizi ni muhimu zaidi sasa kwa sababu Machi 2025 Marekani ilisimamisha kutoa data za hewa za kwenye balozi zake, na kuna watu walikuwa wanategemea hizo tu. Ukiweka namba ya kipimo cha chini pamoja na picha ya juu, hapo ndio unaweza kusema kwa uhakika, leo ni moshi wa nyasi umetoka kaskazini, au leo ni sisi wenyewe, magari, mkaa, kuni, takataka na vumbi la barabara. Kampala siku nyingi ni hiyo ya pili, na gazeti likiwaambia wasomaji kwamba tatizo ni madoa ya mbali, nani atasumbuka na ile lori inayotema moshi mweusi Jinja Road?

Msinielewe vibaya kuhusu moto. Sisemi moto wa nyasi ni mzuri, tuna sheria ya kukataza kuchoma nyasi tangu 1974 na kila mtu anajua inavyofuatwa. Lakini pia hata kwenye mbuga zetu wanachoma makusudi mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili mwezi wa pili kusije moto mkubwa wa kumaliza kila kitu, na mfugaji anayechoma apate majani mapya naye ana hesabu yake. Moto wa namna hiyo hauwezi kuwekwa kapu moja na wa mtu anayechoma pori zima kutafuta panya. Ramani ya madoa inawaweka wote kapu moja, na ndio sababu nyingine siipendi gazetini bila maelezo.

Wenzetu wanafanyaje? Juni 2023 moshi wa misitu ya Kanada ulipoteremka mpaka New York, tarehe 7 anga ikawa ya rangi ya machungwa, watu walijua mapema, kwa sababu kule kuna kitengo cha NOAA kina watu wanakaa mbele ya kompyuta kila siku, wanaangalia picha za setilaiti, wanachora kwa mkono moshi umefika wapi na ni mwepesi, wa kati au mzito. Ngazi tatu tu. Hakuna uchawi pale, ni macho ya mtu na kalamu ya kompyuta. Mwisho wa mwezi huo huo moshi ulikuwa umevuka bahari mpaka Ulaya na bado walikuwa wanaufuata. Sisi moshi wetu unakuja kila mwaka, mwezi ule ule, hata mtoto anajua, na hakuna anayetuchorea.

Kwahiyo ombi langu kwenu, mhariri, sio kubwa. Ukurasa wenu wa hali ya hewa una jua, mvua na joto la Kampala, Mbarara, Mbale na Gulu. Kuanzia Desemba mpaka mvua za mwezi wa tatu ongezeni mstari wa moshi. Ngazi tatu hizo hizo, mwepesi, wa kati, mzito, na neno moja unatoka upande gani. Mwenye kazi hiyo awe Mamlaka ya Hali ya Hewa, wao ndio wenye mitambo na wataalamu, nyinyi muwasukume, na kama wako tayari wasaidiane na Makerere. Wakikosa muda, Ulaya wana huduma ya Copernicus inayotabiri moshi siku tano mbele dunia nzima, bure, mnaweza kuanzia hapo huku mkilinganisha na namba za AirQo ili msitegemee modeli peke yake. Na tafadhali kila picha ya setilaiti mnayochapa iwe na tarehe, saa na jina la kifaa, hata kwa herufi ndogo pembeni, hiyo tu ingetosha kuonyesha kwamba ile ramani haikuwa ya mwezi huu.

Redio za huku nazo zingesoma huo mstari asubuhi kabla ya watoto kwenda shule, manake gazeti huku linafika mchana na wengi hawanunui, wanaazima.

Nikiwa na mtandao niko tayari kuwatumia ile picha ya saa saba na nusu ya kaskazini, imekatwa vizuri na mishale ya upepo, bila malipo, mpaka mvua ishuke. Barua pepe yangu mnayo hapo juu. Ila mtafute mtu wa kuandika maelezo kwa Kiacholi na Kikaramojong, mimi Kiacholi cha sokoni nakiweza, cha kuandika kinanishinda.

Mpima viwanja,
Gulu